Moto Uliomo Mwilini na Moto wa Jiko

Ukimshika mkono mtu aliye hai utaona kwamba una joto, hata kama usiku ni wa baridi na mtu mwenyewe amelala usingizi. Mkono wa maiti ni baridi kama jiwe. Wazee wa kale walilijua jambo hili vema, lakini kwa karne nyingi hapana aliyeweza kueleza joto hilo latoka wapi. Siku hizi jibu limekwisha kupatikana, nalo lafaa kujulikana katika kila nyumba yenye jiko la makaa. Sababu ni kwamba moto uliomo mwilini na moto wa jiko ni ndugu wawili. Wote wavuta hewa ile ile, na mmoja wao aweza kumwua mwenziwe.

SIMBILISI NA BARAFU

Aliyeanza kuifumbua siri hii ni mtaalamu wa Kifaransa, Antoine Lavoisier, akisaidiwa na Pierre-Simon Laplace. Katika majira ya baridi ya mwaka 1782 kuingia 1783, huko Paris, walimtia simbilisi, yaani mnyama mdogo mfano wa panya mkubwa asiye na mkia, ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu. Joto la mnyama likayeyusha barafu, nao wakayapima maji yaliyotiririka. Walipima pia hewa aliyoitoa simbilisi kwa kupumua. Kisha wakachoma makaa na kupima vivyo hivyo. Wakaona kwamba makaa na mnyama, vikitoa hewa ya namna moja kwa kiasi kimoja, joto lao lilikaribiana.

Lavoisier akakata shauri kwamba kupumua ni kuungua, ila ni kuungua polepole, kusiko na mwali wala moshi. Alikosea jambo moja tu: alidhani kwamba moto huo umo mapafuni. Wataalamu waliomfuata waligundua kwamba mapafu ni mlango wa hewa tu, na kwamba moto wenyewe umetawanyika mwili mzima, tangu utosini hata kwenye kidole cha mguu.

MAJIKO YASIYOONEKANA

Mwili wa mtu umejengwa kwa vijichembe vilivyo hai viitwavyo seli, kama vile nyumba ijengwavyo kwa matofali. Seli ni ndogo mno, hata jicho haliwezi kuziona bila ya hadubini, na katika mwili wa mtu mzima hesabu yake yakisiwa kuwa milioni milioni 30 hivi. Ndani ya seli zilizo nyingi za nyama, za moyo, za ini na za ubongo mna vitu vidogo zaidi viitwavyo mitokondria. Hivi ndivyo majiko ya mwili.

Tufuate safari ya tonge moja la ugali. Tonge likiisha kutafunwa na kufika tumboni na matumboni, wanga wake huvunjwavunjwa kuwa sukari nyepesi iitwayo glukosi. Sukari hiyo huingia katika damu na kuchukuliwa mpaka mlangoni mwa seli. Ndani ya seli kazi ya kwanza ni kuipasua sukari vipande viwili. Kazi hii haihitaji hewa, na faida yake ni ndogo. Baada ya hapo vile vipande hutiwa katika mitokondria, navyo huchambuliwa hatua kwa hatua, mpaka nguvu yote iliyoweza kutolewa imetolewa. Mwisho wa safari ni hewa ya oksijeni, ambayo huyapokea mabaki ya kazi hiyo na kugeuka kuwa maji. Kaboni iliyokuwa katika sukari hutoka kama hewa ya kaboni dayoksaidi, nayo hupumuliwa nje.

Mtu aliyeeleza mzunguko wa hatua hizo ni Hans Krebs. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1900, akawa daktari, lakini mwaka 1933 aliondolewa katika kazi yake na serikali ya Hitler kwa sababu alikuwa wa ukoo wa Kiyahudi. Akakimbilia Uingereza, na mwaka 1937, akiwa katika mji wa Sheffield, alitangaza uvumbuzi wake. Mwaka 1953 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Fritz Lipmann, ambaye naye alizaliwa Ujerumani na kuhamia Marekani.

GUNIA LA MAHINDI NA SARAFU

Lipmann alieleza jambo jingine lililo kubwa: jinsi nguvu hiyo iwekwavyo na kutumiwa. Mkulima mwenye gunia la mahindi ni mtu mwenye mali, lakini hawezi kulipa nauli ya basi kwa gunia. Sharti aliuze sokoni, apate fedha, na fedha hizo ndizo alipazo nauli, karo na chumvi ya dukani. Seli nazo hufanya hivyo hivyo. Haziwezi kuitumia sukari jinsi ilivyo. Huiuza, na bei yake hulipwa kwa sarafu ndogo iitwayo A.T.P., kitu kilichovumbuliwa na Karl Lohmann wa Ujerumani mwaka 1929. Msuli ukivuta jembe, hulipa sarafu hiyo. Neva ikipeleka habari kutoka jichoni mpaka kwenye ubongo, hulipa sarafu hiyo. Mtoto akiongezeka kimo, au kidonda kikifunga, gharama ya ujenzi hulipwa kwa sarafu hiyo hiyo.

Chembe moja ya sukari, ikipasuliwa tu pasipo hewa, humpatia mwenyewe sarafu 2. Lakini ikichomwa mpaka mwisho kwa oksijeni katika mitokondria, hupata sarafu 30 hivi. Hiyo ndiyo sababu mtu havumilii kukosa hewa.

Tena sarafu hizi hazikai. Mwilini mna kiasi kidogo tu cha A.T.P. kwa wakati mmoja, lakini hutumika na kufanywa upya mara nyingi mno, hata jumla ya zilizopita katika siku moja hukaribia uzito wa mtu mwenyewe. Mwili una ghala ya chakula, yaani mafuta yaliyo chini ya ngozi na sukari iliyowekwa katika ini, na kwa hiyo mtu aweza kukaa majuma kadhaa bila ya kula. Maji akiyakosa ataweza kuishi siku chache. Ghala ya oksijeni haiko. Hewa ikikatika, majiko ya ubongo huanza kuzimika baada ya dakika chache.

Mkimbiaji wa mbio za mita 400 hulijua jambo hili miguuni mwake. Akikimbia kwa nguvu zake zote, misuli hudai sarafu upesi kuliko hewa iwezavyo kufika, basi huishi kwa zile sarafu 2 kwa muda, na kuacha asidi ya maziwa, huku miguu ikiwa mizito na yenye maumivu. Msuli waweza kukopa hivyo na kulipa baadaye, ndiyo maana mkimbiaji huhema sana akiisha kufika. Ubongo hauwezi kukopa. Uzito wake ni kama sehemu 2 katika 100 za mwili, lakini hula karibu sehemu 20 katika 100 za nguvu zote, mchana na usiku, hata mtu akiwa usingizini.

WACHUKUZI WA HEWA

Kazi ya kuichukua oksijeni kutoka mapafuni ni ya seli nyekundu za damu. Ndani yake mna kitu chenye madini ya chuma kiitwacho hemoglobini, nacho huishika oksijeni mapafuni na kuiachilia panapohitajiwa. Seli hizi ni wachukuzi waaminifu kweli kweli: hazina mitokondria hata moja, na kwa hiyo hazili hata kidogo ya mizigo zilizobeba.

Lakini wachukuzi hawa wana udhaifu mmoja. Iko gesi wanayoipenda kuliko oksijeni, nayo ni kaboni monoksaidi. Hemoglobini huikamata gesi hiyo kwa nguvu ipatayo mara 200 au zaidi kuliko iishikavyo oksijeni, na ikiisha kuikamata haiiachi upesi. Basi mchukuzi huzunguka mwilini akiwa amebeba mzigo usiofaa. Mapafu yavuta pumzi, moyo wapiga, chakula kimo tumboni, lakini majiko ya seli hayapati hewa.

KINACHOTOKA KATIKA MAKAA

Gesi hii hutoka wapi? Hutoka katika jiko la makaa, hata lile lisilotoa moshi. Hewa ikipita katikati ya makaa yaliyokolea, kaboni haiungui yote sawasawa, na gesi hii hutokea. Ile miali midogo ya rangi ya samawati ichezayo juu ya makaa ni kaboni monoksaidi iungulapo. Miali ikitoweka na makaa kubaki mekundu chini ya jivu, gesi haiungui tena, bali hutoka na kuenea chumbani. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Moshi wa kuni humfukuza mtu nje; gesi hii humwacha akae.

Aliyeichunguza sana gesi hii ni John Scott Haldane, mtaalamu wa Uskoti, ambaye katika miaka ya 1890 aliivuta yeye mwenyewe ili kuandika jinsi imdhuruvyo mtu. Alichunguza pia vifo vya wachimbaji wa makaa ya mawe huko Uingereza, na katika ripoti yake ya mwaka 1896 alionyesha kwamba wengi katika waliokufa baada ya mlipuko hawakuuawa na mlipuko wenyewe, bali na gesi hii. Alishauri wachimbaji wachukue wanyama wadogo chini ya ardhi. Ndege mdogo hupumua upesi, na seli zake zatumia hewa nyingi kwa kadiri ya uzito wake, basi huanguka kabla ya mtu kudhurika. Desturi ya kuchukua ndege aitwaye kanari iliendelea katika migodi ya Uingereza mpaka mwaka 1986.

Nyumbani hakuna ndege wa kumwonya mtu. Fikiri usiku wa Julai huko Limuru, Kinangop au Molo, au katika chumba kimoja cha Nairobi. Mama amekwisha kupika. Makaa yangali mekundu, na watoto wasikia baridi. Aliingiza jiko ndani, afunga dirisha, naye aziba upenyo wa mlango kwa gunia ili upepo usiingie. Hayo yote ayafanya kwa upendo. Baada ya muda mtoto mmoja alalamika kichwa kinamwuma, na mwingine ataka kutapika. Mama mwenyewe ajisikia mzito na mwenye kizunguzungu, adhani ni homa au uchovu wa mchana, kisha usingizi wamchukua. Usingizi huo si wa kawaida; ni majiko ya ubongo yanayozimika. Hata mtu akizinduka na kutambua hatari, huenda miguu isiwe na nguvu ya kumfikisha mlangoni.

Hatari huwa kubwa zaidi kwa watoto wadogo, wazee, wagonjwa wa moyo, na mwanamke mwenye mimba, kwa kuwa damu ya mtoto aliye tumboni huishika gesi hii kwa nguvu kuliko damu ya mama yake.

MASHAURI YA KUFUATA

(1) Jiko la makaa liwashwe nje, na likiisha kutumika litolewe nje kabla ya watu kulala. Makaa yaliyofunikwa kwa jivu hayajazimika.

(2) Ikiwa ni lazima kupika ndani, mlango na dirisha viachwe wazi muda wote. Upenyo mdogo hautoshi.

(3) Sufuria ya maji karibu na jiko si kinga, maana gesi hii haiyeyuki vema majini. Wala kulala kitandani badala ya chini si kinga, kwa sababu gesi huchanganyika na hewa ya chumba kizima.

(4) Watu wawili au zaidi wa nyumba moja wakiumwa kichwa au kusikia kizunguzungu kwa wakati mmoja, na jiko likiwa ndani, wasingoje. Watoke nje mara moja.

(5) Amwonaye mtu amezimia katika chumba chenye jiko na afungue mlango na madirisha, amvute mgonjwa nje upesi, asikawie ndani, kisha ampeleke hospitali hata kama amezinduka. Katika hewa ya kawaida hupita saa 4 au 5 kabla ya nusu ya gesi kutoka katika damu. Akivutishwa oksijeni tupu hospitalini, muda huo hupungua kuwa kama saa moja na nusu.

Baridi ya usiku mmoja hufukuzwa kwa blanketi, kwa nguo nzito, na kwa chakula cha jioni, ambacho seli zitakichoma mpaka asubuhi. Moto huo wa ndani haudai kuni wala makaa kutoka sokoni. Wadai hewa safi tu, nayo haina bei. Tahadhari kabla ya hatari: jiko lilale nje, watu walale ndani.