Kabla Hujanunua Mbegu, Uliza Dumu Limetoka Wapi

Siku hizi simu nyingi ninazopokea ni za bustani za nyumbani: ndoo, madumu, viroba. Naelewa kwa nini. Wengi wenu hapa Kolandoto mmepanga vyumba, ua wenyewe ni hatua kumi, shamba la mzee liko mbali au limejaa pamba. Na huku kuna hospitali, kuna chuo, kuna mama lishe wanaotafuta mboga kila asubuhi. Kuanzia Agosti mpaka mvua za Novemba mboga mbichi zinaadimika, nyumba nyingi zinarudi kwenye nsansa. Mwenye mchicha mbichi mwezi wa tisa hana haja ya kupiga kelele sokoni.

Ila leo naanza na chombo chenyewe, mbegu baadaye.

Kuna kijana aliniita nikaone kazi yake. Nikakuta mapipa ya bluu yamekatwa nusu, yamepangwa safi ukutani, chinese imejaa imependeza kweli. Nikamsifu. Halafu nikamuuliza mapipa kayapata wapi. Akasema, "Kwa jamaa mmoja anayeyatoa kwenye uchenjuaji huko migodini, bwana shamba. Bei poa sana." Nikauliza yalibeba nini. Hajui. Na mchanga je? Nao ulikuja na gari hilohilo, laini, hauna hata jiwe.

Nilikaa kimya kidogo maana nilijua ninachotaka kusema kitamuumiza. Chinese ile alikuwa ameshaiahidi kwa mama lishe wawili. "Mbona nimeyaosha kwa sabuni ya unga mara tatu?" Nikamwambia usiuze, wala usile wewe, wala usiwape kuku. Alinikasirikia, na simlaumu, hela yake ilikuwa imelala pale.

Sasa sikilizeni sababu. Ukanda wetu huu, kuanzia Shinyanga hadi Geita, wachimbaji wadogo wengi wanakamatia dhahabu kwa zebaki, na marudio yanachenjuliwa tena kwa sayanaidi. Sayanaidi huvunjika polepole kwenye jua na hewa. Zebaki haivunjiki. Ni metali, haiozi, haiungui ikaisha, sabuni haiiondoi yote kwenye mikwaruzo ya plastiki. Mchanga wa marudio nao ni mwamba uliosagwa, na mwamba wenye dhahabu mara nyingi una aseniki na risasi ndani yake. Ukiuchanganya kwenye udongo wa mboga umejaza chombo sumu kwa mkono wako. Na mboga haitakuonyesha dalili yoyote, inaweza kustawi vizuri tu.

Tena zebaki haipiti kwenye mizizi peke yake. Ikichomwa inakuwa mvuke, na majani yanaunyonya kutoka hewani. Kwa hiyo kama jirani yako anachomea dhahabu uani kwake, bustani ya majani isikae hapo hata kama ndoo zako ni mpya kutoka dukani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki mwaka 2020, lakini mkataba hauji uani kwako kukagua pipa. Utakagua wewe. Mwenye shaka na udongo alioununua, Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya kanda Mwanza, waulize kuhusu kupima. Gharama ikizidi faida, umwage, ila usiumwage shambani kwa mtu.

Chupa na madumu ya viuatilifu nayo vilevile. Yale huoshwa mara tatu, maji ya kuoshea yanarudi kwenye bomba la kupulizia, kisha yanatobolewa ili mtu mwingine asiyatumie. Hayapandiwi kitu. Viroba vilivyobeba mbegu zenye dawa, zile za rangi nyekundu au bluu, pia hapana.

Utumie nini basi? Dumu la lita 20 la mafuta ya kula. Wauza chipsi wanayo, na unajua kabisa lilibeba nini. Lilaze, kata ubavu mmoja, utapata kibustani kirefu kizuri cha mchicha au giligilani, maana hizo hazihitaji udongo wa kina zaidi ya sentimita 20. Nyanya ni ndoo nzima kwa mche mmoja, usiwe mchoyo. Kiroba cha unga kinafaa ukiweka nguzo ya kokoto katikati ili maji yafike chini, halafu unatoboa ubavuni na kupachika miche ya sukuma wiki. Kiroba kitachanika kwa jua baada ya msimu mmoja au miwili, hesabu hiyo gharama.

Matundu ya kutolea maji wengi mnatoboa kwenye kitako. Kwa jua letu hili toboa ubavuni, vidole viwili juu ya kitako. Yanabaki maji kidogo chini, mizizi inayafuata.

Udongo: usijaze mbuga tupu. Ule mweusi ukilowa unavimba, ukikauka unakuwa tofali na kuachana na ukuta wa ndoo, maji yanapita pembeni na mmea unakufa kwa kiu huku umemwagilia. Chukua luseni sehemu mbili, samadi iliyoiva sehemu moja, makapi ya mpunga sehemu moja. Samadi ya zizini usiitumie mbichi, itaunguza miche. Iive miezi mitatu hivi, ukiigeuza na kuilowesha.

Kwenye maji ndipo wengi hupotea. Ndoo moja ya lita 20 yenye mmea mkubwa inakunywa kama lita moja kwa siku, na mwezi wa tisa na wa kumi inafika lita moja na nusu. Ndoo 100 ni lita 100 hadi 150 kwa siku, yaani uniti 3 hadi 4.5 kwa mwezi. Chukua bili yako, zidisha, ndipo upange bei ya fungu. Ukitandaza nyasi kavu juu ya udongo utapunguza kiasi hicho, na vyombo vyeusi vipake chokaa nje visichemshe mizizi.

Kwa anayeanza kuuza mimi napendekeza giligilani. Chipsi, supu, pilau, wote wanaitaka na inauzwa kwa vifungu vidogo. Mbegu ipasue iwe nusu mbili, panda palepale itakapokulia kwa sababu haipendi kuhamishwa. Itaota ndani ya wiki moja hadi mbili, utaanza kukata wiki ya tano au ya sita. Joto likizidi inakimbilia kutoa maua, kwa hiyo iwekee kivuli cha mchana, na panda madumu machache kila wiki mbili ili usikose mzigo. Mnanaa upe chombo chake peke yake, unatambaa na kumeza wenzake. Mgagani nao usiudharau, wateja wa Kisukuma wataufuata mpaka mlangoni.

Yule kijana aliyabeba mapipa yake, akanuna karibu mwezi mzima. Juzi kanitumia picha: madumu 18 ya njano, giligilani ina majani mawili mawili. Chini ya picha kaandika, "Haya nimeyatoa kwa wauza chipsi, bwana shamba, uliza tena." Nimemuuliza mchanga.