Je, Wajua? Joto Huufanya Mpunga Uleule Kuwa Tasa au Kuzaa

Je, wajua kwamba ua la mpunga hujichavusha lenyewe? Lina stameni 6, yaani sehemu za kiume, na sehemu ya kike ndani ya ganda moja. Kwa hiyo, ili kuzalisha mbegu chotara kwa wingi, sharti upatikane mpunga wa kuwa mama ambao chavua yake imekufa, upandwe kando ya mpunga mwingine wenye chavua hai.

Je, wajua kwamba kuna mpunga ambao utasa wake huja na kuondoka? Mwaka 1973, mkoani Hubei, China, mtaalamu wa kilimo Shi Mingsong aliona mimea ya ajabu katika aina ya Nongken 58. Iliyochanua siku zikiwa ndefu ilikuwa tasa. Siku zilipofupika, ilizaa. Mwishoni mwa miaka ya 1980, mkoani Hunan ukapatikana mpunga wa Annong S-1, ambao hutawaliwa hasa na joto: kukiwa na joto kali chavua hufa, kukipoa hupona. Hivyo msimu wa joto hutumika kuzalisha chotara, na msimu wa baridi kuzalisha mbegu za mpunga mama wenyewe.

Je, wajua kwamba hali ya hewa ya siku ya kuchanua siyo inayoamua kama mpunga huo utakuwa tasa? Jambo huamuliwa mapema, suke likiwa bado linatunga ndani ya shina. Siku chache tu za baridi wakati huo zinatosha kurudisha uzazi. Ndivyo ilivyotokea China kiangazi cha 1989: baridi isiyotarajiwa iliipa mimea mama chavua hai, ikajichavusha, na mbegu zake zikachanganyika na chotara.

Je, wajua dawa ya tatizo hilo? Mtafiti wa mpunga chotara wa China, Yuan Longping, alihimiza kuchagua mimea ambayo hubaki tasa hata joto likishuka hadi karibu nyuzi 23.5 za Selsiasi. Mmojawapo ni Pei'ai 64S. Lakini mpunga wa namna hiyo ni mgumu kuzaa, kwa hiyo wakulima huumwagilia maji baridi hadi yafunike suke changa lililo chini ya shina.

Kwa hiyo, mzalishaji wa mbegu hizi asipande kabla ya kuchunguza kumbukumbu za joto za eneo lake kwa miaka mingi. Wastani wa mwezi hautoshi. Atazame siku za baridi kuliko zote.