Kutengeneza Sabuni ya Kwanza kwa Mawese

Sisi tuliozaliwa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, twayajua mawese tangu utotoni. Twaijua michikichi, twazijua mashine za kukamulia, na madumu mekundu twayaona kila siku yakipakiwa garini kwenda Bujumbura. Lakini jambo moja hunishangaza: mtu huuza dumu la mawese asubuhi, na jioni huenda dukani kununua kipande cha sabuni kilichotengenezwa kwa mafuta ya namna ile ile aliyouza. Kwa sababu hiyo, likizo iliyopita, mimi na wenzangu watatu wa chama cha sayansi tuliazimia kutengeneza sabuni sisi wenyewe. Mwalimu wetu wa kemia alitukubalia, kwa sharti kwamba awepo. Nataka kuwaeleza wasomaji, na hasa ninyi wanafunzi wa zamani wenye nyumba na watoto, jinsi kazi yenyewe inavyokwenda. Maana wengi huieleza nusu tu, na nusu inayoachwa ndiyo yenye hatari.

Kwanza yapasa kujua sabuni ni kitu gani. Mafuta, yawe ya mchikichi, ya nazi au ya ng'ombe, yamejengwa kwa namna moja: asidi tatu za mafuta zimeshikamana na glisirini. Soda kali, ile ambayo wengi huiita kostiki, ikiingia katika mafuta huvunja kifungo hicho. Asidi huungana na soda zikawa sabuni, na glisirini hubaki humo humo, nayo huilainisha ngozi. Mfaransa Michel Eugène Chevreul ndiye aliyelifumbua jambo hili, na kitabu chake juu ya mafuta kilitoka mwaka 1823. Kabla yake watu walikuwa wametengeneza sabuni kwa karne nyingi, kwa maji ya majivu na mafuta, bila kujua kinachotendeka chunguni.

Basi katika sabuni nzuri soda haimo tena. Yote imekwisha kuungana na mafuta. Lakini kama soda ilizidi, ile iliyosalia yangoja ngozi ya mtu, kwani ngozi nayo ina mafuta. Ndiyo sababu sabuni nyingine huunguza mikono ya wafuaji. Jirani mmoja kwetu alipima soda kwa kikombe, na sabuni yake ilirudishwa na wanunuzi wote. Kikombe hakifai hata kidogo: soda ya chenga na soda ya vipande vyembamba hazijai sawa katika kikombe kimoja. Hapana budi kupima kwa mizani, tena mizani inayosoma gramu moja moja.

Kila mafuta yana kiasi chake. Gramu 1000 za mawese huhitaji gramu 141 hivi za soda. Gramu 1000 za mafuta ya nazi huhitaji gramu 183. Mtu akichukua hesabu ya nazi akaitia katika mawese, ametengeneza kitu cha kuzibulia mifereji, si cha kuogea. Nasi hatukutia hata hizo 141. Tulipunguza tano kwa mia, tukatia gramu 134, ili mafuta kidogo yasalie na soda isisalie. Maji yalikuwa gramu 320, tena ya mvua, kwani maji yenye chumvichumvi za ardhini huifanya sabuni kuacha utando.

Sasa juu ya soda yenyewe. Jina lake ladanganya, kwa kuwa soda kwa watoto ni kinywaji kitamu! Usiitie kamwe, wala maji yake, katika chupa ya kinywaji. Mtoto akiimeza, umio wake huungua, na makovu yake huweza kuziba njia ya chakula maisha yake yote. Iweke katika chombo chake chenye kifuniko, mahali pa juu penye kufuli. Kifuniko kina faida nyingine pia: soda iliyoachwa wazi hunyonya unyevu wa hewani, na uzito wake huwa si wa kweli tena. Vaa miwani ya kukinga macho, glavu na mikono mirefu. Ikikurukia, vua nguo iliyolowa na uoshe mahali pale kwa maji mengi yanayotiririka, dakika 20 au zaidi. Ikiingia jichoni, osha vivyo hivyo na uende hospitali. Usipake siki juu ya ngozi, ingawa wengi hushauri hivyo.

Tulifanya kazi uani, penye upepo. Tulitia soda katika maji, kidogo kidogo. Maji hayamwagwi juu ya soda, kwani huchemka ghafula na kuruka. Ndoo yetu ilikuwa ya plastiki ngumu, maana maji yale hupata moto mkali bila jiko. Sufuria zetu za nyumbani hazifai, kwa kuwa nyingi ni za alumini, na soda huila alumini na kutoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto.

Tulingoja maji ya soda yapoe hata kufikia nyuzi 40 hivi, na mawese, tuliyoyayeyusha pembeni, yapoe kadhalika. Ndipo tukamimina maji ya soda ndani ya mafuta, tukakoroga kwa mwiko wa mti. Hapa pana kazi ya subira. Tulipokezana kwa muda wa karibu saa nzima, na mwenzetu mmoja alikwisha kata tamaa, rangi ilipoanza kubadilika kutoka nyekundu kuwa ya chungwa na mchanganyiko ukawa mzito kama uji. Alama ni hii: inua mwiko, acha matone yachore mstari juu, mstari usipozama, mimina. Tulimimina katika sanduku la mbao lililotandikwa plastiki, tukalifunika kwa blanketi kuukuu.

Kesho yake tulikata vipande 14, huku tumevaa glavu, kwa maana soda haijamaliza kazi siku ya kwanza. Kisha tulivipanga kivulini, vikiachiana nafasi, kwa majuma manne. Muda huo maji hutoka na sabuni hukaza. Sabuni mbichi huyeyuka upesi bafuni, nayo ni hasara tupu. Mwisho tulilowesha kipande na kukigusisha karatasi ya kupimia asidi na besi. Ilisoma kati ya 9 na 10, ndiyo kawaida ya sabuni. Kama ingalisoma 12, tungalivitupa vyote.

Sabuni yetu ni ngumu, yasafisha vizuri, lakini povu lake ni dogo. Hiyo ndiyo tabia ya mawese yakiwa peke yake. Mafuta ya kokwa za mchikichi hutoa povu jingi, nasi twataka kuyachanganya likizo ijayo. Gramu 800 za mawese zataka soda gramu 113. Gramu 200 za mafuta ya kokwa zataka gramu 35. Jumla ni 148, na ukiondoa tano kwa mia wapata gramu 140 na kitu. Tutatia 140.