SERIKALI ILISHUSHA TOZO, WEWE NA KIDUKA CHAKO NI NANI?



Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wanatangaza bei kikomo za mafuta. Ikisikika tu "petroli imepanda", kufika jioni mtaani kwetu kila kitu kimeshapanda: nyanya, vocha ya kukwangua, kusuka nywele, hadi maji ya kisimani ambayo hayajawahi kupanda gari. Ukiuliza unaambiwa, "Si umesikia mafuta?"

Na mwezi ambao mafuta yanashuka? Siku hiyo redio zote zimeisha betri.

Leo nataka tukumbushane tozo ya miamala ya simu. Najua wengi hawataki hata kuisikia, lakini ndani yake kuna somo la bure kwa kila mwenye meza, genge au duka.

Ilianza tarehe 15 Julai 2021. Ukituma au kutoa pesa kwa simu, juu ya makato ya kawaida ya kampuni, Serikali nayo inachukua chake, kuanzia Sh10 hadi Sh10,000 kwa muamala mmoja, kulingana na kiasi. Nia ilielezwa vizuri tu: madarasa, vituo vya afya, barabara za vijijini. Nani anakataa darasa? Tukaambiwa ni uzalendo.

Sasa angalia mwananchi alivyojibu. Kelele mitandaoni zilikuwepo, ndiyo. Ila jibu lenyewe lilitolewa kimya kimya. Mtu aliyekuwa anamtumia mama yake elfu hamsini kijijini kila wiki akaanza kutuma mara moja kwa mwezi. Mwingine akampa kondakta wa basi bahasha. Mwingine akarudi kwenye kibubu. Wapo waliolipana mkononi, noti kwa noti, kama zamani. Mawakala wa mtaani kwetu ndio walioona mapema: kiti kipo, mwavuli upo, wateja hakuna. Na wakala anakula kamisheni, hali mwavuli.

Kilichofuata mnakijua. Septemba mwaka huohuo tozo ikakatwa asilimia 30, ya juu ikawa Sh7,000. Julai 2022 ikashuka tena, ya juu ikawa Sh4,000, ila safari hii na benki zikaingizwa. Watu wakaona makato kwenye mishahara yao, kelele zikaanza upya, na kuanzia Oktoba 1, 2022 baadhi ya tozo hizo zikaondolewa. Bajeti ya 2023/24 ikafuta ile ya kutuma, ikabaki ya kutoa.

Hesabu mwenyewe. Serikali ina Bunge, ina sheria, ina mitambo inayokata hela kabla hujapepesa macho. Na bado ilibidi irudi nyuma mara kadhaa ndani ya miaka miwili, kwa sababu hata sheria haiwezi kumlazimisha mtu abonyeze "tuma".

Wewe huna Bunge. Una kaunta na daftari la madeni. Mteja wako hahitaji hata kondakta wa basi, anavuka barabara tu anaingia kwa Mangi.

Hapo ndipo ninapotaka tuangaliane usoni. Tuliilaumu sana tozo ile, na tulikuwa na haki. Lakini wengi wetu tuna tozo zetu wenyewe, hatujazipa jina tu.

Chukua mfano. Kirikuu cha kukuletea mzigo kutoka Kariakoo kilikuwa Sh15,000, mafuta yamepanda, dereva anataka Sh18,000. Ongezeko ni Sh3,000. Mzigo wako una vitu 300. Ukigawa, kila kitu kimeongezeka gharama Sh10. Shilingi kumi!

Wewe umefanyaje? Umepandisha kila kitu Sh100. Mzigo ukiisha umekusanya Sh30,000. Umemlipa dereva Sh3,000 yake. Sh27,000 iliyobaki ni ya nini? Hiyo ndiyo tozo. Tena haijengi hata darasa.

Utasema, "Sasa hiyo Sh10 nitaidai vipi na chenji yenyewe haipo?" Swali zuri. Fanya hivi:

1. Tafuta ongezeko halisi kwanza. Usipandishe kwa tetesi wala kwa taarifa ya habari. Subiri mzigo mpya, angalia umelipa nini zaidi, andika. Mzigo uliopo rafuni ulisafirishwa kwa nauli ya zamani.

2. Usiguse vitu ambavyo bei yake mteja anaijua kichwani. Sukari, unga, mafuta ya kula, sabuni ya mche. Hivi ndivyo anavyokupimia kama wewe ni mwizi au mtu mwema. Akikuta sukari imeongezeka Sh100, kwake duka zima ni ghali.

3. Weka ongezeko kwenye vitu ambavyo hatoki nyumbani kwa ajili yake. Ukiongeza Sh50 kwenye vitu 60 vya aina hiyo, umepata Sh3,000 yako kamili. Dereva kalipwa, mteja hajakimbia.

4. Kama kitu chenyewe kimepanda kwa jumla, pandisha, na useme. "Mama, katoni imeongezeka elfu mbili, ndiyo maana." Mteja anavumilia bei mpya. Asichovumilia ni kuona kama unamdanganya.

5. Ikishuka, shusha. Na hapo ndipo upige kelele! Andika kwenye kibao, "Imeshuka." Mtaa mzima utajua, kwa sababu ni habari ambayo hawajaizoea.

Sisemi uuze kwa hasara. Faida ni haki yako, na mwenye nyumba hapokei sifa njema kama kodi ya pango. Ninachosema, ujue ni kiasi gani umeongeza kwa sababu ya gharama na kiasi gani umeongeza kwa sababu taarifa ya habari imekupa kisingizio.

Mteja wa duka haandamani wala haitishi mkutano na waandishi. Anakusalimia vizuri, anakuuliza watoto hawajambo, anapita. Utakaa wiki tatu unalaumu uchumi, kumbe uchumi upo hapo ng'ambo, umeshika mfuko wa Mangi.

Wiki hii fungua daftari. Chagua vitu vitano ulivyopandisha bei mwaka huu, na mbele ya kila kimoja andika sababu. Ukikosa sababu, umeshapata pa kuanzia kushusha.

Biashara njema.