Kilele Kimoja, Nchi Tatu



Kundi la wapanda milima linapokusanyika alfajiri katika lango la Ntebeko, wilayani Kisoro, vicheko huanza kabla ya safari. Mlima Sabinyo una vilele vitatu na ngazi za miti ambazo hutetemesha magoti ya wenye majigambo. Juu ya kilele cha tatu hukutana Uganda, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hapo kila mtu hutania kwamba amesimama katika nchi tatu kwa pumzi moja.

Mzaha huo hatuukatazi. Tunalotaka lieleweke ni kwamba kileleni hakuna kituo cha uhamiaji. Anayeteremkia upande mwingine, hata kwa kupotea katika ukungu, huwa ameingia nchi jirani bila kibali. Wanaomtafuta nao hulazimika kwanza kuwasiliana na wenzao wa huko, na wakati huo baridi na giza havimsubiri.

Kwa hiyo, majina yote yaandikwe langoni na kila mmoja achukue kitambulisho. Askari wa hifadhi atangulie, na mwenye uzoefu awe wa mwisho. Aliyechoka asiachwe peke yake. Safari huchukua takribani saa 8 kwenda na kurudi. Ukungu ukizidi, rudini bila kuona haya.

Hesabianeni katika kila kilele, na tena mnaposhuka. Mkiondoka kumi, rudini kumi. Vicheko vya jioni langoni ndivyo vitamu zaidi.