Sukuma Wiki na Kunde: Udongo na Maji Ndivyo Viamue

Sensa ya mwaka wa 2009 ilionyesha kwamba Kajiado ilikuwa na watu 687,312. Ile ya mwaka wa 2019 ikapata watu 1,117,840. Wengi wa walioongezeka ni watu waliohamia Ngong, Kiserian, Ongata Rongai na Kitengela, wakanunua vipande vya ardhi vya futi 50 kwa 100, wakajenga, na nafasi iliyobaki nyuma ya nyumba wakaifanya bustani. Na mboga ya kwanza kupandwa katika bustani hizo, karibu kila boma, ni sukuma wiki.

Hakuna ubaya katika kupanda sukuma wiki. Mboga hii imetulea. Jina lake lenyewe latukumbusha kazi yake, yaani kuisukuma wiki hadi mshahara au kibarua kingine kipatikane. Lakini ndugu msomaji, je, tumewahi kujiuliza iwapo mboga hiyo yaufaa udongo tulioununua, au twaipanda kwa mazoea tu? Ipo mboga nyingine, kunde, ambayo wengi wetu twaidharau, ilhali katika sehemu kubwa ya Kajiado ndiyo ingepaswa kutangulia.

Tuzilinganishe mboga hizi mbili bila upendeleo.

Sukuma wiki ni jamaa ya kabeji, na asili ya ukoo wake ni nchi zilizo kando ya bahari ya Mediterania. Hupenda baridi kiasi na udongo wenye rutuba. Miche hulelewa kitaluni kwa muda wa wiki nne hadi sita, kisha hupandikizwa katika mashimo yaliyotiwa samadi iliyooza vyema, kwa nafasi ya takriban sentimita 60 kati ya mistari na 45 kati ya miche. Baada ya hapo mmea huo hudai maji bila kukoma. Ukikosa maji kwa siku kadhaa za jua kali, majani hukakamaa, na vidukari huyavamia kwa fujo. Isitoshe, viwavi huyatoboa, na mkulima hujikuta akinunua dawa ya kunyunyizia mboga atakayokula mwenyewe. Fadhila yake kubwa ni kwamba ikitunzwa, huchumwa jani baada ya jani kwa miezi mingi.

Kunde nazo ni mzaliwa wa bara letu la Afrika. Hazihitaji kitalu, mbegu huwekwa moja kwa moja ardhini mvua inapoanza. Wiki tatu au nne baadaye, majani machanga huwa tayari kuchumwa. Mizizi yake hushuka chini kutafuta unyevu, na katika mizizi hiyo mna vinundu vyenye bakteria wanaonasa naitrojeni iliyo hewani na kuupatia mmea. Kwa hivyo kunde hazidai mbolea nyingi na, mabaki yake yakirudishwa ardhini, huachia udongo chakula. Fauka ya hayo, mkulima akiacha kuchuma majani maua yanapoanza kuchanua, atavuna punje ambazo takriban robo ya uzito wake ni protini. Sukuma wiki haina zawadi hiyo. Mbegu za Machakos 66 na Katumani 80, zilizotokana na utafiti uliofanywa Katumani karibu na Machakos, zajulikana kwa kutoa majani na punje pia.

Hata hivyo, kunde zina kasoro zake. Hazipendi baridi kali, wala hazivumilii maji yaliyotuama. Wadudu hushambulia maua yake, na punje zisipokaushwa na kuhifadhiwa vyema hutobolewa ghalani. Majani yake nayo hugeuka magumu upesi, hivyo humlazimu mkulima apande upya kila baada ya wiki chache.

Sasa tuiangalie ardhi yetu. Kajiado si mahali pamoja. Mji wa Ngong uko juu, kwenye upande wa milima unaoelekea Nairobi. Hewa yake ni baridi, udongo wake hupitisha maji, na mvua si haba. Huko sukuma wiki yastahili heshima yake. Lakini ukivuka milima hiyo kuelekea Bonde la Ufa, au ukishuka hadi tambarare za Kitengela, mambo hubadilika. Kitengela ina udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi na kunata kama gundi wakati wa mvua. Maji ya visima vingi yana chumvi, na familia nyingi hununua maji yanayoletwa kwa malori. Mtu anayenunua maji ya kunywa, kisha akayamwaga kila jioni juu ya sukuma wiki, na apige hesabu kwa utulivu. Huenda akagundua kwamba fungu la mboga la sokoni ni rahisi kuliko lile la bustani yake.

Hatujasahau yaliyotupata. Kati ya mwisho wa mwaka wa 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilifululiza kutuvunja moyo, na wafugaji wa Kajiado wakaona ng'ombe wao wakianguka mmoja baada ya mwingine. Kisha Aprili na Mei 2024 mafuriko yakaja, nyumba za Kitengela zikazingirwa na maji. Mwenye bustani katika nchi ya namna hii hana budi kujiandaa kwa pande zote mbili. Kunde zitavumilia kiangazi. Na ili zisioze wakati wa mvua, zipandwe juu ya matuta yaliyoinuliwa.

Wapo watakaosema kwamba kunde ni mboga za maskini, na kwamba watoto wa mjini hawazili. Dharau hiyo haina msingi. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia ametumia miaka mingi kuonyesha thamani ya mboga zetu za asili. Mnamo 2021, shirika la UNESCO liliitambua juhudi ya Kenya ya kuvilinda vyakula vyake vya kiasili kuwa mfano mwema kwa mataifa mengine. Ulimwengu unatusifu kwa kitu ambacho sisi wenyewe twakionea haya mezani! Kuhusu ugumu wa majani, dawa ni kuyachuma yangali machanga. Wengi huyalainisha kwa magadi, ambayo huchimbwa papa hapa Kajiado, katika Ziwa Magadi. Lakini magadi yakizidi huharibu vitamini, basi yatumiwe kwa kiasi.

Simwambii mtu yeyote ang'oe sukuma wiki yake. Ninachosema ni kwamba kila mboga ipewe nafasi inayoistahili. Mkazi wa Ngong na atenge sehemu kubwa kwa sukuma wiki, na baada ya kuivuna apande kunde mahali pale penye jua, udongo upate kupumzika. Mkazi wa Kitengela naye afanye kinyume: sehemu kubwa iwe ya kunde, apande mistari michache kila baada ya wiki tatu au nne wakati wa mvua ili majani machanga yasikatike, na miche kumi au kumi na miwili ya sukuma wiki aiweke karibu na jikoni, ambapo itanyweshwa maji yaliyooshea mchele na mboga. Ardhi ifunikwe kwa nyasi kavu ili unyevu usitoroke.

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Lakini hawakusema kwamba asichague mbegu. Mvua ijayo itakapokaribia, kabla hatujakimbilia miche ya sukuma wiki kando ya barabara, tuuchukue udongo wetu mkononi, tukumbuke bei ya maji, kisha tuamue.