Unga na Wimbo wa Kuvuta Mashua

Maji yakipwa kijijini Moa, kupandisha mashua pwani si kazi ya mtu mmoja. Vijana huweka mabega ubavuni mwa chombo, mmoja akaanzisha wimbo, na kwenye kiitikio kila mguu ukakita mchangani kwa pamoja. Chombo kinasogea shibiri moja. Wanarudia.

Huenda wimbo ule na unga vinagombea mlango mmoja kichwani. Heroini, ndiyo unga wenyewe, ikifika kwenye ubongo hugeuka morfini na kushika vipokezi ambavyo wanasayansi walivibaini mwaka 1973. Miaka miwili baadaye ikajulikana vina kazi gani: mwili hutengeneza vitu vyake wenyewe vya jamii ya morfini, zikiwemo endofini. Unga ukizoeleka, vipokezi hivyo hufa ganzi, na saa chache baada ya kete kuisha arosto inaingia: mifupa inauma, machozi yanatoka, tumbo linasokota. Methadoni, inayotolewa hospitali ya Muhimbili tangu 2011 na sasa hata ya Bombo, Tanga, hukalia vipokezi hivyohivyo taratibu ili arosto isije. Lakini hiyo ni dawa ya aliyekwisha kunaswa, na hunywewa kila siku.

Na ambaye bado? Watafiti wa Oxford, katika utafiti uliochapishwa 2010, waliwapima wapiga makasia kwa kuwakaza mkono na mkanda wa presha mpaka waseme basi. Walipopiga kasia pamoja walistahimili maumivu zaidi kuliko walipopiga peke yao, ingawa jasho lilikuwa lilelile. Watafiti wakaona hapo dalili ya endofini, na mashua nayo huvutwa kwa pamoja.

Ndiyo maana bonanza la siku moja, 26 Juni, siku ya kupinga dawa za kulevya duniani, halinitoshi: jezi, hotuba, kombe, kisha vijana wanarudi kijiweni. Aislandi, mwaka 1998, asilimia 42 ya vijana wa miaka 15 na 16 walikuwa wamelewa pombe ndani ya mwezi uliopita. Kufikia 2016 walikuwa asilimia 5. Huko fedha za umma zililipia michezo na muziki wa mwaka mzima, wazazi wakakaa na watoto wao jioni.

Moa haihitaji fedha za Aislandi kuanza. Kwenye mashua, aliyekosekana haitwi jina: ubavu wake unalemea, na kabla wimbo haujarudiwa mtu ameshatumwa kwao kumfuata.